Imesoma Ngapi?

Kila Jumapili, taarifa ya habari ya saa moja ikiisha, mamangu hunipigia simu kutoka Nakuru. Hana salamu ndefu.

"Baba, gari imesoma ngapi?"

Namtajia mileji. Nasikia kalamu ikikwaruza karatasi. Halafu ndiyo anauliza kama nimekula.

Mama alifundisha hesabu shule ya msingi mpaka akastaafu, na alipotoka kazini alitoka na rundo la daftari ambazo hazikuwa zimetumika. Moja akaipa gari. Pale kwenye jalada ambapo mtoto huandika jina, ameandika namba ya gari. Pale pa somo ameandika "Servisi". Ndani amepiga mistari kwa rula: tarehe, mileji, kilichofanywa, pesa. Kalamu ni nyekundu. Sidhani ana nyingine.

Gari lenyewe ni Vitz ya 2017, injini ya lita moja, rangi ya fedha, lilinunuliwa 2024 na kiinua mgongo chake. Tuliliita gari jipya, na ukweli ni kwamba Kenya hilo ni gari jipya. Sheria inasema gari la kutoka nje lisizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo kile ambacho Mjapani amekichoka, sisi tunakipiga picha, tunakiombea, tunakiwekea kava za viti. Upya wake ni kwamba wewe ndiye Mkenya wa kwanza kukikalia. Letu lilifika Nairobi likiwa limesoma 61,240, na kila ukiliwasha asubuhi sauti ya mwanamke inakuambia jambo fulani kwa Kijapani, kwa adabu sana, na mpaka leo sina mpango wa kumnyamazisha.

Ubavuni mwa mlango wa dereva kulikuwa na kibandiko kidogo. Nilikielekezea simu ikanitafsiria: oili ibadilishwe tena R5, mwezi wa 9, ama kilomita 63,000. R5 ni Reiwa 5. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme wao, na hii ya sasa ilianza 2019, kwa hivyo tunaongea juu ya Septemba 2023. Mama alikipenda kibandiko hicho kuliko gari. "Unaona? Tarehe na kilomita. Kitakachotangulia." Akaanza daftari siku hiyo hiyo.

Fundi wetu wa jua kali, kando ya Barabara ya Thika, hakukipenda. "Karatasi ni karatasi. Hii gari imekaa yadi, imekaa meli, imekaa Mombasa. Mwaga kila kitu tuanze upya." Akamwaga. Oili mpya, filta ya oili, filta ya hewa, oili ya giaboksi, akaangalia breki, akafunga kwenye boneti kadi iliyoandikwa kwa bairo: 66,240. Mama akainakili kwenye daftari na kuipigia mistari miwili chini, vile walimu hupiga chini ya jibu.

Sasa kuna jambo lazima niseme hapa, na ni la aibu. Mimi servisi ya gari naijua. Naijua kuliko watu wengi wenye magari. Nilipoacha chuo niliishi kwa vibarua vya kuandika mtandaoni, vile vya senti moja ya dola kwa neno, na mteja mmoja wa Marekani alikuwa na tovuti za magari. Nilimwandikia labda makala thelathini. Moja ilikuwa ya maneno 800 kuhusu lini upeleke gari jipya servisi. Nimekaa bedsitter Roysambu, sina hata baiskeli, namshauri mzazi wa watoto wawili mahali kuna theluji kwamba asisahau kuzungusha tairi kila maili 5,000, kwamba fluidi ya breki hunyonya unyevu hewani kwa hivyo baada ya miaka miwili ibadilishwe hata kama gari halikutembea, kwamba oili ya sinthetiki ya 0W-20 kwa Toyota nyingi mpya inaenda maili 10,000 ama mwaka mmoja. Nikalipwa dola nane. Jina langu halikuwekwa.

Halafu mashine zikajifunza kuandika na kazi zikakauka, karibu zote kwa miezi michache. Hiyo ni hadithi ya wasee wengi wa rika langu na sitairefusha. Mama alikuwa na gari, mimi nilikuwa na leseni. Tukakubaliana: niliendeshe kwenye apu ya teksi, nimtumie elfu saba kila Jumatatu, kinachobaki ni changu, na kikitosha nilipe karo niliyosema nadaiwa. Alidhani nimeahirisha masomo kwa mwaka mmoja. Sikumwambia hivyo kwa mdomo, alisema mwenyewe nami sikumrekebisha. Hapo ndipo uongo wangu mwingi huishi, kwenye vitu ambavyo watu wamejisemea.

Wiki tatu za mwanzo ziliisha kwa makaratasi na ukaguzi. Kisha nikaanza kazi, na kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba hesabu zote nilizowahi kuandika zilikuwa za watu wengine. Mtu wa kwenda ofisini na kurudi, kilomita 5,000 zinamchukua miezi mitano, sita. Mimi nilikuwa napiga 150 kwa siku, siku sita. Hiyo ni 900 kwa wiki. Piga hesabu: wiki tano na nusu, servisi imefika. Unamaliza kulipa hii, inayofuata inabisha mlango. Na servisi ndogo, galoni ya oili ya lita nne, filta na mkono wa fundi, ilikuwa kama elfu sita. Nikitoa mafuta ya zaidi ya 1,500 kila siku, makato ya apu, elfu saba za mama, kodi ya nyumba, sikuwa naona hiyo elfu sita ikitoka wapi.

Jumapili ya tano nilisema ukweli: 63,700. Mama akasema, "Vizuri, imebaki 2,540." Ile "imebaki" ilinikaa tumboni usiku mzima.

Jumapili ya sita gari lilikuwa 64,600. Nikasema 64,000.

Sikupanga. Ilitoka tu. Kalamu ikakwaruza, akaniuliza kama nimekula. Ilikuwa rahisi hivyo. Wiki iliyofuata nikaongeza mia tatu, nyingine mia mbili hamsini, nikawa naandika riwaya ya gari la pili, gari mpole, linalotembea polepole, ambalo halifiki servisi. Lile la kweli lilipita 66,240 usiku mmoja tukitoka uwanja wa ndege na abiria amelala nyuma. Nilitazama namba ikibadilika kuwa 66,241. Hakuna kilichotokea. Kesho yake nikafungua boneti nikatoa ile kadi nikaiweka kwenye dashibodi, chini ya risiti za parking.

Na nilikuwa na sababu, manze. Nilikuwa na sababu zilizoandikwa kwa Kiingereza kizuri. Si niliandika mwenyewe maili 10,000? Maili 10,000 ni kilomita 16,000. Basi bado nina nafasi, hawa mafundi wa huku wanatutisha na elfu tano zao. Nilisahau vitu viwili. Kwanza, maili hizo zilikuwa za injini mpya yenye oili ya sinthetiki, na yangu ilikuwa ile ya bei ya chini. Pili, kwenye makala hiyo hiyo kulikuwa na aya kuhusu matumizi magumu, ambapo watengenezaji husema ufupishe muda kwa nusu: barabara za vumbi, kusimama sana injini ikiwaka, mwendo wa polepole mjini. Na katika mifano, kwa mkono wangu, nilikuwa nimeandika teksi.

Wiki ya kumi na mbili hivi, nikikata kona ya Museum Hill usiku, taa nyekundu iliwaka kwenye dashibodi. Ile yenye picha kama birika linalodondosha tone. Ikazima. Kona iliyofuata ikawaka tena, ikazima. Watu wengi hudhani hiyo taa inakuambia oili imepungua. Hapana. Inakuambia presha ya oili imeanguka, yaani pampu imevuta ikapata hewa badala ya oili, na chuma kinasugua chuma hapo ulipo. Ukiiona unasimama na kuzima injini. Hayo niliyajua, nilishalipwa kwa kuyajua. Nikajiambia ni sensa. Nikamaliza safari, abiria akanipa nyota tano.

Jumapili iliyofuata nilimwambia mama 65,900. Kimya. Sikusikia kalamu.

"65,900," akarudia.

"Ndiyo, mama."

"Na tarehe ile tuliandika 63,700 ni wiki nane zilizopita."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo ni kilomita 2,200. Siku arobaini na nane za kazi. Ni kama 46 kwa siku." Akanyamaza kidogo. "Baba, kwa kilomita 46 kwa siku, hii elfu saba unanitumia kila Jumatatu unaitoa wapi?"

Nikasema biashara ni mbaya lakini ninajikaza. Akasema sawa. Hakuuliza kama nimekula.

Jumamosi akanipigia saa nne asubuhi. Yuko Westlands, ameshuka kwa matatu, nimchukue. Nilifika nikamkuta amesimama kando ya barabara na mkoba wake wa kanisani, daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Akaketi mbele. Akafunga mkanda. Akatoa miwani kwenye kasha, akaifuta kwa leso, akaivaa, akainama kidogo kuelekea dashibodi.

70,912.

Nilingoja. Yeye akafungua daftari juu ya mapaja, akatafuta mstari, akaandika tarehe na namba. Polepole, kwa mwandiko ule wa ubaoni. Akalifunga. "Twende kwa fundi."

Kutoka Westlands mpaka Barabara ya Thika hakuna aliyesema kitu. Nilizima gari mara moja kwenye kituo cha mafuta kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka nikajifanya naangalia upepo wa tairi, na nilipoliwasha tena yule mwanamke wa Kijapani akatusalimia. Mama akamwitikia, "Asante." Kwa Kiswahili. Sijui kwa nini hilo ndilo linaniuma zaidi nikikumbuka.

Fundi alivuta dipstiki, akaifuta na kitambaa, akairudisha, akaivuta tena. Hakunionyesha mimi. Alimwonyesha mama. "Mwalimu, oili inafaa kufika kati ya hizi alama mbili. Sasa angalia." Ilikuwa imelowa kwenye ncha tu, kama kijiti cha mtu aliyechokora chupa ya wino ulioisha. Akaingia chini, akafungua nati ya sampu. Nilizoea kuona oili ikimwagika kama kamba nene. Hii ilitiririka, ikawa uzi, ikaanza kudondoka. Akaipima kwenye kopo la zamani: lita moja na robo. Injini hiyo hubeba kama lita tatu. Akachota kidogo akasugua kati ya vidole viwili na kunusa. Akafungua kifuniko cha juu, na ndani yake kulikuwa na utando mweusi, mzito, kama uji wa wimbi uliokaukia sufuria.

Nilitaka mtu anipigie kelele. Badala yake mama alivuta kiti cha plastiki, akaketi, akaanza kuuliza maswali. Kwa nini kilomita, si siku? Fundi akamweleza kwamba hata kilomita zenyewe zinadanganya. Ukikaa saa nzima kwenye jamu ya Waiyaki Way, mileji imesonga mbili tu, lakini injini imezunguka saa nzima, oili imepikwa saa nzima. "Mileji haihesabu jamu, Mwalimu. Injini inahesabu." Na gari la mtu mzee anayeenda sokoni mara moja kwa wiki? Hilo pia, akasema, lina shida yake. Safari fupi injini haipati joto la kutosha, maji na petroli vinabaki ndani ya oili havichemki vikatoka. Ndiyo maana kwenye kadi anaandikia watu kama hao miezi sita, hata wakiwa wametembea elfu moja. Mama akaandika yote. Akauliza kuhusu mkanda wa taimingi, alisikia kwa jirani kwamba ukikatika injini inakufa. Akaambiwa Vitz hii ina cheni, si mkanda, kwa hivyo haina tarehe ya kubadilishwa, "lakini cheni inakula hii hii oili. Ukiinyima, inarefuka, inaanza kuongea." Wote wawili wakanitazama.

Fundi alipoenda kununua filta dukani, tulibaki mimi na yeye na gari lililofunguliwa mdomo.

"Darasani," mama akasema, "mtoto akikosa hesabu, naona alipokosea. Naweza kumsaidia. Lakini akinakili jibu, hakuna kitu naona."

Nikasema pole. Nikasema sikuwa na hiyo elfu sita.

"Hiyo nimeelewa tangu Jumapili." Akavua miwani. "Na wewe je? Umesoma mpaka wapi?"

Kulikuwa na kijana anagonga bati upande wa pili, kelele nyingi, ningeweza kujifanya sijasikia.

"Mwaka wa tatu," nikasema. "Semesta ya kwanza."

"Hiyo ni lini?"

"2022."

"Na sasa huwezi kurudi, ama hutaki?"

Hakuna mtu alikuwa ameniuliza hivyo, hata mimi mwenyewe. Nilimwambia ilianza na karo, sikufanya mtihani semesta hiyo, halafu pesa ikapatikana kidogo na bado sikuenda. Wiki ikawa mwezi. Sikufukuzwa na mtu. Niliacha kwenda tu, na kila wiki niliyokaa nje iliifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi kueleza. Nikasema sijui kama nataka. Nikasema ninachopenda ni kuandika, na hilo nililisema nikitazama chini, kwa sababu mtu ambaye kiinua mgongo chake kiko juu ya mawe bila oili hastahili kuambiwa unachopenda.

Akafungua daftari. Nilidhani ataandika jambo la gari. Alienda mpaka ukurasa wa mwisho, akaandika 2022, akalifunga. Hakupiga mistari chini.

Fundi alirudi, akaweka oili, akawasha. Injini ikagonga kwa sekunde chache, tak tak tak, kisha ikatulia. Akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama daktari. "Haijakufa. Lakini imezeeka miaka kadhaa hapa kati. Itaanza kukunywa oili, hiyo mzoee." Akasema turudi baada ya kilomita 1,000, amwage tena kuosha ule uchafu, ndipo tuanze kuhesabu. Mama akalipa kwa M-Pesa. Nilitaka kusema nitamrudishia, nikaona ni afadhali ninyamaze.

Siku hizi mpango ni huu. Kila usiku kabla sijalala namtumia mia mbili, hata kama siku ilikuwa mbovu. Kwa siku thelathini na tatu za kazi, ambazo ni kama kilomita 5,000, hiyo ni 6,600, na servisi inapofika pesa iko Nakuru inaningoja. Elfu saba ya Jumatatu tumeishusha mpaka elfu sita. Yeye ndiye aliyependekeza, baada ya kuniambia nimtajie kila kitu ninachotumia, mpaka bando. Daftari limeongezwa safu: giaboksi kila 40,000, fluidi ya breki kila miaka miwili, plagi za iridiamu zingoje 100,000, filta ya hewa ipigwe upepo kila servisi kwa sababu ya vumbi la Mwiki. Kuna safu mpya pia inaitwa "imekunywa", kwa sababu fundi alisema kweli. Gari linakunywa kama robo lita kila kilomita 1,000, na asubuhi za baridi cheni inaongea kidogo kabla ya kutulia. Abiria hawasikii. Mimi nasikia.

Ile makala yangu bado iko mtandaoni, niliitafuta. Wamebadilisha picha. Nimeisoma tena yote na ni makala nzuri kusema kweli, haina kosa hata moja. Nilimtafsiria mama kwa simu ile aya ya matumizi magumu. Akasikiliza mpaka mwisho akauliza walinilipa ngapi, nikamwambia, akasema "Dola nane!" kwa namna ambayo sikuelewa kama anacheka.

Chuo hatujakiongelea tena. Ile 2022 bado iko ukurasa wa mwisho, niliiona Krismasi.

Jumapili iliyopita nilituma picha ya dashibodi kabla hajauliza. 88,410. Nikaandika: oili iko sawa, nimeangalia. Alikaa dakika mbili hivi, kisha akanipigia.

"Baba. Uliangalia asubuhi injini ikiwa baridi, ama uliangalia ukiwa umetoka tu kuendesha?"

Nikakaa kimya.

"Nenda uangalie tena. Nangoja kwa laini."